Ahadi ya Samaki: Je, Kijito Kilichotengenezwa Hulipa Deni la Bwawa?

Tarehe 12 Juni 2025, Rais Donald Trump wa Marekani alitia saini waraka ulioiondoa Serikali yake katika makubaliano ya Desemba 2023 kuhusu Mto Columbia. Makubaliano hayo yalifikiwa wakati wa Rais Joe Biden, kwa kuyashirikisha majimbo ya Oregon na Washington pamoja na mataifa manne ya wenyeji asilia: Yakama, Umatilla, Warm Springs na Nez Perce. Yalikuwa yamesimamisha kesi iliyodumu mahakamani kwa zaidi ya miaka 20. Baada ya waraka huo, pande zinazovutana zimerudi mbele ya jaji.

Wapendwa wasomaji, huenda habari hii ilionekana kwa wengi wetu kuwa ugomvi wa watu wa mbali juu ya samaki wao. Sisi tunaiona kwa namna nyingine. Kesi ya Columbia, ukiivua maneno ya kisheria, inauliza jambo moja: bwawa linapoharibu njia ya samaki, na wenye bwawa wakaahidi kutengeneza mto mahali pengine ili samaki waongezeke, nani anabeba hasara iwapo samaki hao hawatokei? Swali hilo lina majibu yaliyokwisha kupimwa kwa miaka mingi, na limekwisha kufika kwetu pia, kwenye bonde la Rufiji. Ndiyo maana tunaomba uvumilivu wa msomaji tuanzie mbali.

Mto Columbia huanzia Kanada, katika jimbo la British Columbia, na husafiri takriban kilomita 2,000 hadi Bahari ya Pasifiki. Kabla ya mabwawa, inakadiriwa kwamba kila mwaka samaki wa kati ya milioni 10 na milioni 16, wa jamii ya salmoni na trauti wa baharini, walipanda mto huo kwenda kutaga mayai. Mwaka 1938 bwawa la Bonneville likaanza kazi. Likafuata Grand Coulee, lililokamilika mwaka 1942 bila ngazi ya kuwapitisha samaki, hivyo sehemu yote ya juu ikafungwa. Tarehe 10 Machi 1957 maporomoko ya Celilo, ambako wenyeji asilia walikuwa wamevua kwa maelfu ya miaka, yalizama kwa saa chache chini ya maji ya bwawa la The Dalles. Kati ya mwaka 1962 na 1975 yakaongezwa mabwawa manne kwenye Mto Snake, ambao ni tawi kubwa la Columbia.

Tusiwe wepesi wa kulaumu. Mabwawa hayo yaliwasha taa katika nyumba za mafukara, yakamwagilia nchi kame ikatoa matunda, na hadi leo mashua za ngano huteremka kwa mto kutoka bandari ya Lewiston, iliyoko ndani kabisa ya bara. Lakini mwaka 1855 mataifa ya wenyeji yalikuwa yametia saini mikataba na Serikali ya Marekani. Waliachia sehemu kubwa ya ardhi yao, wakajibakizia haki ya kuvua katika mahali pao pa desturi. Haki ya kuvua mahali pasipo na samaki ni karatasi tu, na hilo ndilo walilolipeleka mahakamani.

Ili kuelewa ugumu wa makadirio, yatupasa kumfuata samaki mwenyewe. Salmoni huzaliwa kwenye kijito cha milimani, katikati ya changarawe safi na maji baridi. Wale wa majira ya kuchipua hukaa huko mwaka mmoja hivi, kisha huteremka hadi baharini wakiwa wadogo kama kidole. Hukaa baharini miaka miwili au mitatu, halafu hurudi kwenye kijito kilekile walichozaliwa, hutaga mayai na kufa. Salmoni aliyezaliwa katika milima ya Idaho hupita mabwawa manane akishuka na manane akipanda. Wengine hukatwa na mitambo. Wengine huchelewa katika maji yaliyotulia ya mabwawa, yanayopata joto wakati wa kiangazi, na huko huliwa na samaki wakubwa na ndege. Mwaka 1991 salmoni wa aina ya soki wa Mto Snake waliandikishwa kisheria kuwa wako hatarini kutoweka, na mwaka uliofuata ni dume mmoja tu aliyefika katika Ziwa Redfish.

Hapo ndipo lilipozaliwa wazo ambalo kwa sura yake ni jema: mabwawa yaachwe, ila vijito vitengenezwe. Ipandwe miti kwenye kingo ili kivuli kipoze maji. Yaondolewe makalvati ya zamani yanayozuia samaki. Magogo yaliyokuwa yameondolewa mtoni yarudishwe, maana nyuma ya gogo hutokea kidimbwi, na kwenye kidimbwi kifaranga hupata maficho. Mkulima alipwe ili asichukue maji yote ya kijito wakati wa kiangazi. Mto uunganishwe tena na uwanda wake wa mafuriko. Kila samaki anayepotea bwawani, hesabu ilisema, atafidiwa na samaki anayenusurika kijitoni.

Kazi yenyewe hatuna neno nayo; ni kazi njema, na waliopanda miti hiyo walipanda kwa mikono yao. Neno letu ni juu ya hesabu.

Katika mpango wa Serikali wa mwaka 2008 hesabu ilifanywa hivi. Majopo ya wataalamu yalikaa na kukadiria, kijito baada ya kijito, ubora wa makazi ya samaki ungepanda kwa asilimia ngapi baada ya kazi fulani. Asilimia hiyo ya ubora wa makazi ikageuzwa kuwa asilimia ya samaki watakaoishi. Kisha asilimia ya samaki watakaoishi ikaingizwa katika mizania, upande wa malipo, dhidi ya vifo vya bwawani. Wataalamu walikuwa watu makini na waliujua mto. Hata hivyo, tazama ni hatua ngapi zimo kati ya mche wa mti uliopandwa ukingoni na salmoni mzima anayerudi kutoka baharini miaka mitano baadaye. Katika kila hatua kuna kukisia, na makisio hayo hayapunguzani, hulimbikizana.

Tuchukue mfano wa hesabu nyepesi, wa kubuni, unaoweza kufanywa na mwanafunzi wa darasa la saba. Kijito kimoja kinatoa vifaranga 100,000 wanaoshuka baharini. Akirudi mmoja katika kila 100, tunapata samaki 1,000. Sasa tutengeneze kijito, na vifaranga waongezeke hadi 120,000. Ni mafanikio makubwa, na mwenye mradi ana haki ya kufurahi. Lakini mwaka huo bahari ina joto, au maji ya mabwawa yalikuwa mabaya, na anayerudi ni mmoja katika kila 200. Wanarudi 600. Mradi umefaulu na samaki wamepungua, na yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja. Kinyume chake pia hutokea: bahari ikiwa njema, samaki hujaa hata kwenye mto ambao hakuna aliyeugusa, na wapo watakaojitwalia sifa.

Kipimo hicho cha wanaorudi kinajulikana vizuri. Baraza la umeme na uhifadhi la kanda hiyo liliweka lengo la samaki kati ya 2 na 6 katika kila vifaranga 100 wanaoshuka. Salmoni wa asili wa Mto Snake, kwa miaka mingi, wamekuwa chini hata ya hao wawili. Lakini wenzao wa Mto John Day, ambao hupita mabwawa matatu badala ya manane, hurudi kwa kiwango cha zaidi ya mara mbili ya hicho. Tena vijito vya John Day vimekanyagwa na ng'ombe na kunyonywa na mashamba kuliko sehemu kubwa ya vijito vya Idaho ya kati, ambako tangu mwaka 1980 kuna hifadhi ya nyika pana isiyo na barabara wala mashamba. Huko nyikani maji ni baridi, changarawe ni safi, miti imesimama. Ni kidogo mno kilichobaki cha kutengeneza. Na salmoni wake wamepungua vilevile.

Ukweli huu, kwa maoni yetu, una uzito kuliko kurasa nyingi za ripoti. Kibuyu chenye shingo nyembamba, hata ukipanue tumbo namna gani, kinamimina kwa kadiri ya shingo. Kwa samaki wa nyika ile shingo haiko kijitoni. Iko chini yake, kwenye msururu wa mabwawa na baharini. Kutengeneza makazi kunaongeza samaki pale tu ambapo makazi yenyewe ndiyo shingo.

Na pale yanapokuwa shingo, matokeo huonekana kweli. Katika kijito cha Bridge Creek, kwenye bonde hilohilo la John Day, mto ulikuwa umechimba mfereji wa kina hadi ukaachana na uwanda wake. Watafiti walipigilia safu za vigingi kukatiza kijito, ili kumsaidia biva, yule mnyama wa huko ajengaye vizuizi vya matawi na matope, ajenge mahali ambapo kazi yake haitabomolewa na mafuriko. Maji yakapanda, yakatawanyika, vidimbwi vikarudi. Kwa kulinganisha na kijito cha jirani ambacho hakikuguswa, uzalishaji wa vifaranga vya trauti ulipanda hadi zaidi ya mara mbili. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2016. Neno la kuangalia hapo ni lile la kijito cha jirani. Bila kijito cha kulinganisha, hakuna awezaye kusema ongezeko limetokana na vigingi au na mvua njema.

Upo mtego mwingine hapa ambao hata wenye nia njema huunaswa. Unatengeneza kidimbwi, unarudi baada ya mwaka, unakuta kimejaa samaki, unapiga picha. Lakini je, samaki hao wamezaliwa zaidi, au wamehama tu kutoka kidimbwi cha pili? Ni kama waumini wanaovutwa na kigango chenye kwaya nzuri: Jumapili benchi hazitoshi, lakini paroko akihesabu parokia nzima haoni aliyeongezeka hata mmoja. Kwa hiyo samaki wapaswa kuhesabiwa katika mto mzima na kwa miaka ya kutosha kupita kizazi zaidi ya kimoja. Kazi hiyo ni ghali na haina picha za kupendeza, na ndiyo maana hukatwa kwanza bajeti inapopungua.

Mwaka 2010 mwanasayansi Philip Roni na wenzake walichapisha hesabu ambayo ingefaa kubandikwa katika kila ofisi ya mabwawa. Walichukua bonde la mfano katika eneo la Puget Sound, jimboni Washington, wakauliza ni kiasi gani cha makazi kitengenezwe ili vifaranga waongezeke kwa asilimia 25, ambalo ndilo ongezeko dogo kabisa linaloweza kutambuliwa na vipimo vingi. Jibu la wastani lilikuwa asilimia 20 ya makazi ya mtoni na ya uwanda wa mafuriko. Kisha wakauliza swali la pili: na tukitaka kuwa na uhakika wa asilimia 95? Jibu likawa asilimia 100. Kati ya ishirini na mia kuna nafasi pana sana, na katika nafasi hiyo ndipo ahadi nyingi hukaa.

Mahakama nazo ziliiona nafasi hiyo. Mwaka 2011 Jaji James Redden aliukataa mpango wa Serikali kwa kuwa ulitegemea kazi za kutengeneza makazi ambazo, kwa miaka ya baada ya 2013, hata hazijatajwa ni zipi. Mwaka 2016 Jaji Michael Simon aliukataa mpango uliofuata. Hakusema kwamba kutengeneza vijito ni kazi bure. Alisema kwamba faida zisizo na uhakika zilihesabiwa kwa tarakimu kamili kana kwamba zimekwisha kupatikana, bila kuacha akiba yoyote ya makosa. Mwenye duka yeyote anafahamu tofauti kati ya fedha iliyo kwenye droo na fedha ambayo mteja ameahidi kuileta mwisho wa mwezi. Zote huandikwa daftarini, lakini haziandikwi kwenye safu moja.

Mwaka 2023 wachumi na wanabiolojia walipata kitu kigumu zaidi cha kutafakari. William Jaeger na Mark Scheuerell walizichambua hesabu za miaka mingi za samaki waliopita Bonneville, wakaziweka kando ya fedha zilizotumika. Katika miaka 40 zaidi ya dola bilioni 9 za fedha za umma, kwa thamani ya sasa, zilikuwa zimetumika kuwarejesha samaki wa Columbia. Idadi ya samaki wanaotoka katika vituo vya kutotolesha vifaranga ilikuwa imepanda. Kwa samaki wa asili, wale ambao sheria iliwalenga, hawakuona ushahidi wa ongezeko. Wapo waliojibu kwamba bila fedha hizo hali ingekuwa mbaya zaidi, kwa kuwa bahari imepata joto na watu wameongezeka. Jibu hilo lina nguvu. Lakini ni jibu lisiloweza kuthibitishwa wala kukanushwa pale ambapo hakuna mto wa kulinganisha, na kwa hiyo linarudisha lawama palepale: ulinganisho ulipaswa kupangwa tangu siku ya kwanza.

Kanisa la kanda hiyo halikukaa kimya. Mwezi Januari 2001 Maaskofu Katoliki wa bonde la Columbia, wa pande zote mbili za mpaka wa Marekani na Kanada, walitoa waraka wa kichungaji juu ya mto huo, utunzaji wa kazi ya uumbaji na mafao ya wengi. Ulitanguliwa na vikao vya kuwasikiliza watu wa bonde, kwani katika parokia moja unaweza kumkuta mkulima wa umwagiliaji, fundi wa bwawa na mvuvi wa taifa la wenyeji wakipokea Komunyo kwa zamu. Miaka 14 baadaye, hayati Baba Mtakatifu Francisko, katika Waraka wake Laudato si' juu ya utunzaji bora wa nyumba ya wote, aliligusa swali letu moja kwa moja. Katika namba 186 anafundisha kwamba pale dalili zinapoonyesha hatari ya madhara makubwa yasiyorekebishika, mzigo wa kuthibitisha unageuka: mwenye mradi ndiye anayepaswa kuonyesha kwamba hautadhuru, wala si mnyonge kuonyesha kwamba utamdhuru. Tukiliweka fundisho hilo kando ya mizania ya mwaka 2008, tunaona kilichokosekana. Makadirio yakikosea, umeme ulikuwa umekwisha kuuzwa. Aliyebaki na nyavu tupu ni Myakama na Mnez Perce.

Kabla ya kurudi nyumbani, yafaa tupite Afrika Magharibi, kwa sababu msomaji anaweza kudhani tunasema kwamba mito iliyozibwa haitengenezeki. Mwaka 1986 bwawa la Diama lilikamilika karibu na mlango wa Mto Senegal ili kuzuia maji ya chumvi yasipande. Upande wa Mauritania, delta iliyokuwa ikipokea mafuriko kila mwaka ikakauka na kuwa jangwa la chumvi. Mwaka 1991 ikaanzishwa Hifadhi ya Taifa ya Diawling, na kuanzia mwaka 1994 milango ya maji ilianza kufunguliwa kwa ratiba, ili kuiga mafuriko ya asili. Ratiba hiyo ilijadiliwa na wavuvi, wafugaji na akina mama wanaosuka mikeka kwa nyasi za delta. Mwaka 1992 samaki waliovuliwa hapo hawakufika tani moja. Mwaka 1998 walizidi tani 100.

Kwa nini Diawling ilifaulu haraka, na Columbia inahangaika? Si kwamba wataalamu wa huko walikuwa hodari zaidi. Shingo ya kibuyu ilikuwa moja na ilijulikana: maji ya mafuriko, kwa wakati wake. Samaki wake hukua upesi na huzaa hapohapo au kwenye bahari ya karibu. Hawalazimiki kupita mabwawa manane. Na wenye milango ya maji walikubali kuyaachia. Pale kilichorejeshwa ni kitu kilekile ambacho bwawa lilikiondoa. Ukirejesha kitu kile kilichoondolewa, makadirio huwa mepesi. Ukirejesha kingine mahali pengine kwa matumaini kwamba kitafidia, hesabu huwa ndefu na yenye mashaka. Kwa sababu hiyohiyo tunawaelewa wale walioamua kuondoa mabwawa kabisa. Kwenye Mto Klamath, kuta za mabwawa manne zilimalizwa kuondolewa mwaka 2024, na mwezi Oktoba mwaka huohuo salmoni alionekana katika jimbo la Oregon, juu ya mahali ambapo ukuta wa mwisho ulisimama. Hata hivyo kwenye Mto Elwha, uliofunguliwa kati ya mwaka 2011 na 2014, wenyeji wa Lower Elwha Klallam walisubiri hadi vuli ya 2023 ndipo wakavua salmoni tena, kwa uvuvi mdogo wenye masharti.

Olivier Hamerlynck, mmoja wa wanasayansi waliofanya kazi Diawling, baadaye alifanya kazi Rufiji. Mwaka 2007 yeye na Stéphanie Duvail walichapisha makala iliyouliza kama mafuriko ya Rufiji ni balaa au baraka. Wazee wa bonde lile wangejibu kwamba ni yote mawili. Mwezi Aprili 2024 watu wa Rufiji na Kibiti walipoteza nyumba na mashamba kwa maji, na hakuna anayepaswa kuwaimbia sifa za mafuriko. Lakini ni mafuriko hayohayo yanayojaza maziwa ya asili ya bondeni, kama Ruwe, Utunge na Zumbi, na kuwaingiza humo perege na kambale. Na ni maji ya mto yanayoulisha msitu wa mikoko wa delta, ulio mkubwa kuliko wote Afrika Mashariki, ambamo kamba hukulia.

Juu ya bonde hilo sasa limesimama Bwawa la Julius Nyerere. Lilianza kujazwa tarehe 22 Desemba 2022, na mtambo wa kwanza kati ya tisa ukaanza kutoa umeme Februari 2024. Uwezo wake kamili ni megawati 2,115. Hatulijadili kama lilipaswa kujengwa; limejengwa, na zahanati zenye jokofu la chanjo linalofanya kazi ni sehemu ya mafao ya wengi. Tunajadili deni. Litasemwa, na tayari ni jambo la kawaida kusemwa juu ya mabwawa, kwamba ziwa jipya litaleta samaki wengi. Inawezekana kabisa, Mtera ni ushahidi kwamba bwawa la umeme laweza kuwa mwalo wa uvuvi. Ila samaki wa ziwa la juu huvuliwa na watu wa juu, wenye leseni na boti za huko. Mama anayekaanga perege Utete, au kijana anayetega kamba katika vijiji vya delta, hafidiwi na samaki ambao hawatateremka kamwe. Wahenga walitukataza kuacha mbachao kwa msala upitao, na hapa mbachao ni wa mtu mmoja na msala ni wa mwingine.

Kwa Rufiji shingo ya kibuyu inafanana zaidi na ya Diawling kuliko ya Columbia, nalo ni jambo la kutia moyo. Kinachoamua ni maji: mangapi, mwezi gani, kwa siku ngapi, na kama yanapanda kiasi cha kuyafikia maziwa ya bondeni bila kufika kwenye vitanda vya watu. Kwa hiyo, ukiletwa kesho mpango wa kupanda mikoko au kutengeneza makazi ya samaki chini ya bwawa, swali la kwanza la kuuliza ni juu ya ratiba ya milango ya maji. Mikoko ipandwe. Lakini mikoko iliyopandwa katika delta isiyopata maji baridi kwa majira yake itatuletea picha nzuri na ripoti nzuri. Na makadirio ya samaki yakitolewa, yatolewe kama ya Roni, yaani kwa wastani na kwa uhakika, tarakimu mbili na si moja. Na ielezwe mapema nini kitabadilishwa katika uendeshaji wa bwawa ikiwa baada ya miaka mitano samaki hawakuonekana. Ahadi isiyo na kifungu hicho haiwezi kudaiwa.

Ili iweze kudaiwa, lazima kuwe na hesabu. Wamarekani waliweza kubishana kwa tarakimu mwaka 2023 kwa sababu tangu mwaka 1938 kuna mtu aliyekaa kando ya ngazi ya samaki ya Bonneville, akihesabu mmoja baada ya mwingine. Hapa kwetu vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, BMU, vipo kwenye mialo, na wengi wa wanachama wake ni watu wa jumuiya zetu na jirani zao Waislamu. Kilo za kamba, kilo za perege, idadi ya mitumbwi iliyotoka, tarehe ambayo maji yaliingia ziwani na tarehe yalipotoka: hayo yanaandikika kwa kalamu ya shilingi mia chache. Parokia yenye vigango kandokando ya mto, yenye katekista anayejua kuandika na kabati lisilovuja, inaweza kuanza kutunza nakala za daftari hizo kuanzia masika yajayo.